Nishikie Mwiko

Ukitaka kumjua Shangazi, mtazame anapofunika sufuria. Hafuniki, anaipiga kofi. Mfuniko unatua kwa mlio unaosikika hadi chumba cha kufulia, na wanaofua mashuka huko huambiana kwamba chakula cha mchana kimekaribia, au kwamba kuna mtu amemuudhi. Mara nyingi huwa yote mawili.

Jina lake la kwenye kitambulisho hakuna anayelitumia. Wauguzi humwita Shangazi, madereva humwita Shangazi, na hata daktari mkuu, aliyemzidi umri, humwita hivyo hivyo na kuinamisha kichwa kidogo anapotamka. Ni mwanamke wa mabega mapana na miguu myembamba. Huvaa aproni mbili, moja mbele na nyingine nyuma, kwa sababu, anasema, mafuta yanaporuka hayaulizi umegeukia wapi.

Jiko analofanyia kazi liko nyuma ya hospitali, ukuta kwa ukuta na chumba cha kufulia. Madirisha yake yapo juu sana, kiasi kwamba aliye ndani huona kipande cha mbingu tu, na mvuke ukizidi haoni hata hicho. Wanaopika ni watatu, na wa nne anaosha. Mpishi wa sufuria kubwa, za wali na maharage, ni mzee mpole mwenye ndevu zilizopata mvi upande mmoja kuliko mwingine. Wanamwita Ustadhi, kwa kuwa sala haimpiti na kwa kuwa ukimuuliza saa atakujibu kwa hadithi. Binti wa mboga na supu anaitwa Kwaya. Huyo ni mlokole, anaimba tangu kumenya hadi kupakua, na wimbo ukimkolea kisu nacho hukimbia, mpaka Shangazi amkumbushe kwamba vidole havioti tena. Anayeosha masufuria ni mwanamume mrefu aliyetoka nchi nyingine, asiyesali popote. Jina la Mpagani alijipa mwenyewe siku alipofika, ili, alisema, wenzake wasianze kugombania nani wa kumwokoa. Kuhusu Mungu ana maneno hayo hayo kila anapoulizwa: "Tunaheshimiana. Hanisumbui, simsumbui."

Sufuria ya Shangazi ni ndogo kuliko zote na inaogopwa kuliko zote. Ndiyo ya wagonjwa wa moyo, wa figo na wa shinikizo la damu. Ndani yake hakuingii chumvi. Mtu akiisogelea akiwa ameshika kikombe cha chumvi, hata kama anapita tu, atasikia yake.

Shangazi alifika jikoni hapo akiwa amekwisha kasirika. Hasira hiyo alikuja nayo kutoka makaburini. Alikuwa amemuuguza mama yake kwa miaka mingi, akimgeuza kitandani, akimlisha kijiko kwa kijiko, akilala sakafuni kando yake kama mtoto. Siku ya maziko mhubiri alisimama mbele ya jeneza akawaeleza waombolezaji kwamba maradhi yanapokaa sana ndani ya nyumba, watu wa nyumba hiyo wajiulize imani yao imekwenda wapi. Alisema hivyo akiwa ameikazia macho benchi ya mbele. Shangazi alikuwa ameketi benchi ya mbele. Aliinuka, akapita katikati ya watu wote wale, akaenda zake kabla kaburi halijafukiwa. Tangu siku hiyo hakukanyaga kanisani.

Dada yake mkubwa hakumwacha apumue. Kila wiki alipiga simu kumwambia kwamba anasemwa, kwamba nafasi yake kwenye umoja wa akina mama bado ipo, na kwamba asimkasirikie Mungu. Jibu la Shangazi lilikuwa fupi.

"Nimemkasirikia, dada. Na anajua."

Ilikuwa katika wiki yake ya kwanza jikoni ambapo Ustadhi, adhuhuri, alimnyooshea mwiko wake mrefu na kumwambia, "Nishikie. Maji bado kidogo." Shangazi alidhani mzee anakwenda msalani. Aliupokea, akakoroga, akatia maji kidogo. Ustadhi aliporudi, mikono ilikuwa imelowa hadi kwenye viwiko na paji la uso lina unga. Shangazi alielewa, na damu ikamchemka.

"Kumbe umeniachia kazi yako ukaenda kusali?"

"Nimekuombea na wewe," Ustadhi alisema.

"Nani amekutuma?"

Mzee alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Kwaya naye akacheka, na kutoka kwenye sinki Mpagani alisema kwamba hatimaye jiko limepata mtu wa kumjibu Ustadhi. Shangazi hakucheka. Lakini kesho yake, saa ilipofika, alikuta mkono wake umekwisha kunyooka kabla hajaambiwa.

Utaratibu huo ulikuwapo kabla yake, na hakuna anayekumbuka nani aliuanzisha. Anayekwenda kusali hamwachi chungu peke yake. Anamkabidhi mwenzake mwiko mkono kwa mkono, na kumwambia chungu kinasubiri nini: chumvi, maji, moto kupunguzwa. Anayepokea anajibu "Ninao", kisha anarudia alichoambiwa. Mpaka mwenyewe arudi, mwiko haulazwi mezani. Ukilazwa, wanasema, chungu kimekuwa yatima, na anayekula chakula cha yatima atakula bila hamu. Hawajui kama ni kweli. Hawajawahi kujaribu.

Ustadhi alisali kwenye stoo ya unga, katikati ya magunia, na mswala wake ulikaa juu ya rafu ya sukari, umeviringishwa ndani ya mfuko safi. Kwaya alisali ndani ya chumba cha baridi. Sababu ni kwamba sala yake ina kelele, na mlango wa chumba hicho ni mnene. Alisali kwa kadiri baridi ilivyomruhusu, akatoka meno yakigongana na uso ukimeremeta, na Mpagani hakukosa kumuuliza kama huko mbinguni nako kuna barafu. Mpagani, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, alishika miko ya wanaosali. Kuna siku alisimama katikati ya jiko akiwa na mwiko huku na mwiko kule, akasema kwamba kama kweli kuna kuhesabiwa thawabu, basi yeye asiyeamini atawapita wote langoni, na atawasubiri hapo ndani na taulo.

Hapo ndipo Shangazi alipopata kitu ambacho hakuwa akikitafuta. Hakiiti imani, kwa sababu neno hilo, anasema, walilichafua siku ya maziko. Anachosema ni kwamba alipokuwa ameshika mwiko wa Ustadhi, mkono wake ulikwenda taratibu. Kelele za kichwani zilipungua. Aliona mvuke unapanda hadi kwenye kile kipande cha mbingu, na akawa hana haja ya kumjibu mtu. "Mtu akisali na mimi nimemshikia mwiko wake," anasema, "sala hiyo na mimi nimo. Hata kama sisemezani na huyo anayeombwa." Mfuniko wake uliendelea kupiga kelele. Ila kuna adhuhuri ulitua polepole, na kwenye chumba cha kufulia waliulizana kama Shangazi anaumwa.

Ndipo ikaja siku ya chumvi.

Asubuhi hiyo dada yake alikuwa amepiga simu. Safari hii hakuwa peke yake: alikuwa na wanawake wengine wawili wa umoja wao, na simu ameiweka kwenye spika. Walimwombea papo hapo, kwa kupokezana, kwamba moyo wake wa jiwe ulainishwe. Shangazi alikuwa anapanga foleni ya kuingia getini. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu ni dada yake mkubwa, kisha akaingia jikoni akiwa hasemezeki.

Ilitokea kwamba siku hiyo sufuria kubwa na sufuria ndogo zote zilikuwa na maharage. Adhuhuri Ustadhi alimkabidhi Mpagani mwiko: "Nishikie. Chumvi bado." Mpagani akajibu kama ilivyo desturi. Kabla hajakoroga hata kidogo, meneja akamwita kwenye mlango wa nyuma, kuna gari la mzigo linasubiri, aje upesi. Mpagani akampelekea Shangazi mwiko ule. "Nishikie wa Ustadhi. Chumvi bado."

"Ninao," Shangazi alisema. "Chumvi bado."

Sasa alikuwa na miko miwili, wake na wa mzee, na kichwani mwake wanawake watatu walikuwa bado wanalainisha moyo wake. Alichota chumvi kikombe kizima. Alikuwa akiwajibu kwa ndani, jibu refu zuri ambalo asubuhi hakuweza kulitoa, na jibu lilipofika mwisho kikombe kilikuwa kitupu.

Ustadhi alirudi, akauchukua mwiko wake, akaonja. Akaonja tena.

"Shangazi, chumvi?"

"Nimetia."

"Humu?"

"Ustadhi, nimetia kwa mkono huu huu."

Mzee aligeuza macho polepole, na Shangazi akayafuata, mpaka yote manne yakatua kwenye sufuria ndogo. Kwaya aliacha kuimba. Shangazi alichovya kijiko, akaonja, akatema kwenye aproni. Kisha akaishika sufuria kwa vitambaa, akaibeba peke yake hadi kwenye sinki, akaimwaga yote. Alipiga kelele kwamba asiguswe na mtu.

Hakuna mgonjwa aliyeonja maharage yale. Wodi ya moyo ilikula viazi vya kuchemsha, na ilikula kwa kuchelewa. Matroni alipiga simu jikoni, akaambiwa ukweli na Shangazi mwenyewe, akasema ahsante kwa kuonja. Mambo yangeishia hapo. Lakini Matroni alipiga simu pia kwa meneja.

Meneja alikuwa kijana nadhifu aliyeletwa na kampuni iliyoshinda zabuni ya chakula. Mashati yake yalikuwa meupe na adabu yake haikuwa na kasoro. Hakuwahi kumfokea mtu. Mara kwa mara alitoka kwenda kuvuta sigara mlango wa nyuma, hatua chache kutoka kwenye mitungi ya gesi, na alipotoka aliomba radhi. Aliwakusanya kwenye stoo ya unga na kuwaeleza kwa upole kwamba amelichunguza tukio. Tatizo si mtu, alisema, tatizo ni mfumo. Mfumo unaoruhusu mwiko kutembea ndio uliotia chumvi. Kwa hiyo kuanzia kesho kila mpishi atabaki na sufuria yake tangu kuwasha moto hadi kupakua. Hakuna kugusa ya mwenzako. Ruhusa ya kutoka ni ya msalani tu. Sala ziwe kabla ya kazi au baada yake. Na ule mkeka, alisema akiuonyesha mswala kwa kalamu, uondolewe kwenye rafu ya chakula, kwa ajili ya usafi.

Ustadhi aliushusha mswala wake, akaupakata kama mtoto anayelala.

Shangazi alisema, "Kosa ni langu. Niadhibu mimi."

"Wewe sina tatizo nawe, Shangazi."

"Hebu nisikilize. Aliyetia chumvi hakuwa anasali. Aliyesali hakutia chumvi. Aliyetia ni mimi, na mimi sisali."

"Ndiyo maana sikulaumu," meneja alijibu, na akatabasamu.

Shangazi anasema katika maisha yake amekwisha tukanwa na watu wa kila aina, lakini hajawahi kutukanwa vizuri kama siku ile. Angefukuzwa angelala. Angekatwa siku za kupumzika angelala. Yeye aliyekosa alisamehewa mbele ya watu, na adhabu yake wakagawiwa wengine. Usiku huo alikaa kitandani na hasira yake, asijue aielekeze wapi, kwa kuwa kila alipoielekeza ilimrudia.

Siku zilizofuata hakuna aliyegoma. Walitii, tena walitii barabara. Kwaya alikwenda msalani akiwa na mboga motoni, na mboga zikaanza kushika chini. Ustadhi alisimama hatua moja kutoka hapo, mikono nyuma, akizitazama zikiungua kwa masikitiko ya kweli. Shangazi naye alizitazama. Moshi ulipita dirishani ukaenda kuingia kwenye mashuka yaliyoanikwa. Sufuria ya wali, ambayo haiinuliki na mtu mmoja, ilikaa juu ya moto uliozimwa, kwa sababu Mpagani si mpishi na wali si wake. Alitumwa mtu kumwita meneja. Meneja alikuja, akakunja mikono ya shati lake jeupe, akashika sikio la pili la sufuria, na akatoka humo akiwa na alama nyeusi kutoka kifuani hadi kwenye mkanda. Aliomba radhi kwa kuchelewa.

Ilichekesha kwa siku mbili. Halafu ikaacha kuchekesha. Kwaya hakuimba tena. Alikata mboga vipande vinavyolingana, kama mashine. Mpagani aliosha masufuria akiwa amewapa mgongo. Kwaya aliwahi kupendekeza kwamba wote wajiandikishe kuwa wavuta sigara, kwa vile meneja mwenyewe hutoka kuvuta, na Ustadhi akitoka waseme mzee kaenda kuvuta. Wote walimgeukia Ustadhi kwa matumaini. Mzee alitikisa kichwa. Alisema hawezi kumwendea Mola wake kwa jina la sigara, halafu aanze kwa kumweleza imekuwaje ananuka tumbaku ambayo hakuivuta. Hata yeye alicheka kidogo alipokuwa akisema hivyo. Kisha akawaambia, kwa sauti ya kawaida, kwamba mpwa wake anasimamia jiko la shule moja, na huko adhuhuri wanafunzi wako mapumzikoni na wapishi wana nafasi. Ameomba. Wamekubali. Mwezi ukiisha ataaga.

Shangazi alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua, ila sasa alikuwa anatupa mchele na kubakiza mawe.

Jioni dada yake alipiga tena. Alikuwa amesikia, haijulikani kutoka kwa nani, kwamba jikoni kuna matatizo, na alimwambia mdogo wake kwamba hivyo ndivyo Mungu anavyomwonyesha mtu njia. Shangazi alimuuliza, kwa adabu aliyoitafuta mbali, kwa nini Mungu anayetaka kumwonyesha yeye njia amwondolee mzee mwingine mahali pa kusalia. Dada alisema wataliombea. Shangazi alisema sawa, waombe, lakini wazime spika.

Asubuhi alimfuata meneja mlango wa nyuma. Kijana alikuwa amewasha sigara, akaificha mgongoni kama mwanafunzi.

"Vuta tu, baba, sikuja kwa hilo," Shangazi alisema. "Nimekuja kukupa mfumo."

Alimweleza akiwa amesimama, mikono ndani ya aproni ya mbele. Hatari ni sufuria ndogo, si mwiko wa mtu mwingine. Basi sufuria ndogo ihamishwe. Ipelekwe kwenye jiko la pembeni, karibu na mlango, mbali na chumvi na mbali na sufuria kubwa. Atakayeisimamia asishike mwiko mwingine wowote, kwa dharura yoyote, hata jiko likiwaka moto. Wengine wote warudishiwe desturi yao, na mswala upewe rafu yake yenyewe, isiyo ya chakula. Alimkumbusha kwamba wodi zimekula mboga zilizoungua, kwamba Matroni ana simu na anajua kuitumia, na kwamba yeye meneja amekwisha haribu mashati mawili.

Meneja aliitazama sigara yake. "Na atakayeisimamia ni nani?"

"Mimi. Nani mwingine?"

"Kwa hiyo wewe ndiye hutamshikia mtu."

"Mimi ndiye sitamshikia mtu."

Meneja alifikiri, akasema ni wazo zuri, linapunguza hatari, atalijaribu. Alimshukuru kwa ushirikiano. Alidhani amepewa bure. Hakujua mama yule ameweka nini mkononi mwake, na Shangazi hakutaka ajue. Aligeuka akaingia ndani, akamwambia Ustadhi ampigie mpwa wake simu amwambie wapishi wa shule watafutwe kwingine.

Jiko dogo lilihamishwa siku hiyo hiyo. Adhuhuri ilipofika Ustadhi aligeuka, kwa mazoea, na mwiko wake umekwisha nyooka kuelekea mlangoni kwa Shangazi. Uliganda hewani. Wote wanne waliuona ukiganda. Mzee akaurudisha taratibu, akampa Mpagani, akasema maneno yake, akaenda kwenye stoo. Kwaya alianza wimbo kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu gari lililokaa muda mrefu, kisha ukawaka, na jiko likarudi kuwa jiko.

Shangazi alifunika sufuria yake kwa nguvu kiasi kwamba mfuniko uliingia bonde, na hadi leo una bonde hilo.

Haikuwa rahisi, na yeye hasemi kwamba ilikuwa. Mwenyewe anasema alifanya jambo jema na lilimkera kila siku. Alisimama pale mlangoni, upepo wa nje ukimpiga mguu mmoja, akaona miko ikipita kutoka mkono hadi mkono bila kufika kwake. Aliwajibu watu ovyo. Alimfokea muuguzi aliyekuja na sahani moja pungufu. Alimfokea Mpagani kwa kuosha vizuri mno. Ustadhi alimwambia siku moja kwamba anamwombea, na safari hii Shangazi hakuuliza nani amemtuma. Alisema, "Mwambie nina maneno naye," akageuka.

"Mwambie wewe," Ustadhi alisema. "Mimi si tarishi."

Shangazi alilibeba jibu hilo kwa siku kadhaa kama jiwe ndani ya kiatu. Kisha adhuhuri moja, Ustadhi akiwa amekwisha rudi na Kwaya akiwa bado anapasha vidole vyake juu ya mvuke, Shangazi aliita jina la Mpagani kwa sauti iliyomfanya aangushe brashi.

"Nishikie."

Mpagani hakuelewa. Tangu wafahamiane hakuwahi kuushika mwiko ule. Hakuna aliyewahi kuushika; Shangazi hakuwa na mahali pa kwenda. "Unaenda wapi?"

"Humo ndani."

"Kusali?"

"Kugombana."

Mpagani alijifuta mikono, mmoja baada ya mwingine, mpaka kwenye kucha. Aliupokea mwiko kwa mikono miwili. "Kinasubiri nini?"

"Hakisubiri chochote. Na chumvi usiiguse hata kwa macho."

"Ninao," Mpagani alisema. "Chumvi siigusi hata kwa macho."

Shangazi aliingia kwenye stoo ya unga, akaurudishia mlango. Hakupiga magoti, wala hakufumba macho. Alisimama katikati ya magunia, mikono kiunoni, kama anavyosimama mbele ya mtu wa mzigo aliyeleta vitunguu vilivyooza, na akaanzia makaburini. Mlango wa stoo si mnene kama ule wa chumba cha baridi. Jikoni walisikia sauti, wakasikia jina la mama yake, wakasikia kofi likipiga gunia. Kwaya alipandisha wimbo ili kumfunika, akauchagua mrefu wenye mapambio mengi. Ustadhi alikuwa ameinamia maharage yake. Alisema kwamba yeye ana miaka mingi katika jambo hili, na sauti kama ile hajawahi kuthubutu.

"Atajibiwa?" Mpagani aliuliza.

"Amesikika," Ustadhi alisema. "Hata waliofariki wamesikia."

Shangazi alitoka na unga begani, macho mekundu, aproni ya nyuma imezunguka ikaja mbele. Hakumtazama mtu. Mpagani alikuwa amesimama pale pale mlangoni mwa nje, mgongo umenyooka, mwiko ameuinua juu ya sufuria, mbali kabisa na meza, kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha kioo. Sinki lake lilikuwa limefurika na maji yanamwagika sakafuni, na hakuthubutu kwenda kuyafunga.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Sijamaliza naye," Shangazi alisema. "Kesho narudi."

Akachukua mwiko wake. Alionja, akaridhika, akaushika mfuniko wenye bonde, na kwenye chumba cha kufulia wakaambiana kwamba chakula kimekaribia.